Msimu wa vimbunga unakaribia: AC ya nyumbani unaiandaaje? (Uzi kwa walioko Florida, Texas na Louisiana)

Mswahili wa Ghuba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tarehe 1 Juni inabisha hodi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unakwenda hadi 30 Novemba, na kilele chake huwa karibu na tarehe 10 Septemba. Kila mwaka naona watu wanajaza gari maji ya chupa, betri na madumu ya petroli, lakini ile mashine ya AC iliyo pembeni ya nyumba, ambayo kuibadilisha ni maelfu ya dola, haitazamwi na mtu mpaka siku imegoma kuwaka.

Riziki yangu ni viyoyozi, huku pwani ya magharibi ya Florida. Naweka hapa ninachokijua, nanyi mwongeze.

Kwanza tuelewane kuhusu adui. Watu wanaogopa upepo. Upepo peke yake mara nyingi hauiui AC, na mvua ndiyo kabisa, mashine ya nje imetengenezwa ikae nje inyeshewe. Vinavyoiua ni maji ya mafuriko, hasa yenye chumvi, umeme unaokatika na kurudi kwa kurukaruka, na vitu vinavyorushwa: mbao za uzio, vyungu vya maua, trampolini ya jirani. Kimbunga Ian kilipotua karibu na Cayo Costa, Florida, tarehe 28 Septemba 2022, upepo ulikuwa maili 150 kwa saa, lakini Fort Myers Beach kilichowamaliza watu ni bahari, iliyopanda futi 10 hadi 15 juu ya ardhi. Kuna mashine nilizozikuta baada ya pale bado zimefungwa palepale kwenye zege, bano halijalegea hata kidogo, ukifungua kifuniko ndani ni mchanga mtupu, na kontakta, ile swichi ya umeme ya ndani, imeshaota ukoga wa kijani.

Kwa hiyo naanza na kufunga, lakini mjue siyo kazi kubwa kuliko zote.

KUFUNGA. Mashine ya nje haitakiwi kukalia zege kwa uzito wake tu. Kanuni za ujenzi za Florida zinataka ifungwe, na Miami-Dade na Broward ndiko kwenye masharti makali zaidi. Piga magoti uangalie pembe nne za chini. Utaona vipande vya chuma vilivyopindwa, skrubu moja imeingia kwenye ganda la mashine, nyingine kwenye zege. Shika bano kwa vidole ulitikise. Likicheza, au ukikwangua skrubu kwa ukucha na unga mwekundu ukadondoka, hiyo haishiki kitu. Karibu na bahari weka skrubu za chuma cha pua, za kawaida hazidumu. Na kama mashine imekalia kibao cha plastiki badala ya zege, angalia vizuri zaidi: skrubu imeshika plastiki, na plastiki haijashika ardhi. Umeifunga mashine kwenye kitu ambacho chenyewe hakijafungwa.

KUINUA. Hapa ndipo penye gharama, na ndipo penye faida. Ingia kwenye ramani za mafuriko za FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, uangalie mtaa wako. Zinaonyesha eneo ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 au zaidi wa kufurika, na sehemu nyingi zina kimo cha maji yanayotarajiwa. Mashine ikiwa chini ya kimo hicho, kuifunga vizuri ni kuhakikisha tu kwamba itazama pale ilipo. Inaweza kupandishwa juu ya jukwaa la zege, la alumini, au mabano ya ukutani. Lakini mambo mawili. Ikipanda, upepo unaikamata zaidi, kwa hiyo jukwaa nalo lifungwe kwa hesabu. Na mabomba ya gesi ya kupozea huenda yakahitaji kurefushwa, kazi ambayo kwa sheria ya Marekani lazima ifanywe na mtu mwenye cheti cha EPA (shirika la mazingira la Marekani), siyo shemeji mwenye spana. Halafu ile swichi ya ukutani pembeni ya mashine ipande nayo. Nimeona mashine iko futi nne juu, kisanduku cha umeme kimeachwa kulekule chini kikisubiri maji.

UMEME. Weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye bodi kuu ya nyumba. Kanuni ya taifa ya umeme tangu toleo la 2020 inaitaka kwenye nyumba mpya na pale bodi kuu inapobadilishwa, lakini nyumba nyingi tunazoishi ni za zamani. Radi ikipiga moja kwa moja haitasaidia. Ile mishtuko ya umeme kurudi mtaa mzima kwa mpigo ndiyo kazi yake, na hiyo ndiyo inayochoma bodi za elektroniki za mashine.

Mengine madogo yafanye wikiendi moja: badilisha filta, kata matawi yaliyoizunguka mashine ibaki nafasi ya futi mbili hivi, mimina siki kwenye bomba la kutolea maji ya mashine ya ndani ili utando usizibe. Na mwite fundi wako Mei. Septemba hapokei simu, nakuambia ukweli, mimi mwenyewe sipokei.

Mengine nitaongeza mkiuliza.

Kijana wa Tampa

Nafuatilia kwa karibu. Mkuu, jirani yangu kila kikitangazwa kimbunga anaivika AC yake turubai lote, anaizungushia kamba kama mzigo wa basi. Ni sahihi?

Mswahili wa Ghuba

Hapana kaka. Turubai linageuka tanga. Upepo ukiingia chini yake unaivuta mashine yote, badala ya kupita katikati ya koili, yale mabomba membamba yanayoizunguka. Halafu kuna wanaosahau kulivua, umeme unarudi usiku, themostati ilikuwa imewashwa, kompresa (pampu ya gesi) inazunguka hewa haina pa kutokea. Mashine iliyopita salama kwenye kimbunga inakufa kwa turubai.

Fundi Hewa HTX

Mwenzangu kwenye fani, hapo nakubali nusu. Turubai hapana, na sitaki hata kuliona. Lakini kipande cha plaiwudi juu ya feni, kilichofungwa kwa mikanda ya kukaza, mimi nakiunga mkono kama mashine iko chini ya mti au jirani amepaua kwa vigae. Panga za feni ni nyembamba. Kigae kimoja kikipita kwenye wavu, panga zimepinda, mota imekwenda na bomba la gesi linaweza kutoboka.

Sharti langu: breka imezimwa kwanza, na kwenye breka yenyewe unabandika karatasi yenye maandishi makubwa TOA UBAO. Kama huna uhakika kwamba utakuwepo kuutoa, usiuweke.

Mswahili wa Ghuba

Karatasi kwenye breka hiyo nimeipenda. Mimi bado naona watu wengi watafunga plaiwudi kwa kamba ya nailoni, na ubao huo ndio utakuwa wa kwanza kuruka kuelekea dirisha la mtu. Kama ni mikanda ya kukaza ya kweli na ubao umebana mashine, sawa, sina ugomvi.

Bi Mkubwa wa Orlando

Mimi niko mbali na bahari. Haya ya kuinua si hayanihusu?

Fundi Hewa HTX

Dada, Harvey mwaka 2017 aliizamisha Houston kwa mvua, siyo kwa bahari. Kituo kimoja cha kupima mvua, Nederland huko mashariki mwa Houston, kilipata inchi 60.58. Usiangalie umbali wa bahari, angalia maji ya mvua kwenye mtaa wako yanakwenda wapi na yanasimama wapi.

Mama Naima

Habari zenu. Nipo Houston. Kimbunga Beryl mwaka 2024 kilikuwa daraja la 1 tu, watu wakasema hiki kidogo, na bado zaidi ya wateja milioni mbili wa umeme wakabaki gizani, Julai, joto la kutisha, wengine siku nyingi. Nyumbani nina mama mzee mwenye presha na moyo. AC yangu haikuharibika hata skrubu, ila umeme haukuwepo. Sasa mume wangu anataka jenereta ya kuendesha AC nzima ya nyumba. Tununue ya ukubwa gani?

Fundi Hewa HTX

Pole sana dada, na Mungu amlinde mama. Umegusa jambo ambalo uzi huu ulikuwa unalipita pembeni. Mashine nzima bila umeme ni pambo.

Hesabu iko hivi. AC ya nyumba ya kawaida huku ni tani 3, siyo za uzito bali za nguvu ya kupoza, yaani BTU 36,000 kwa saa. Ikishashika mwendo inakula kama wati 3,000 hadi 4,000. Shida ni sekunde ile kompresa inapoanza, inavuta mkondo mara kadhaa ya huo. Jenereta ya kubeba inayosomeka wati 7,000 kwenye boksi inaweza kuugulia hapo na kuzima, au mbaya zaidi isizime bali itoe umeme mdogo, kompresa ikawa inanguruma bila kuzunguka mpaka inaungua. Kuna kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya nje ili kompresa ianze taratibu, kinapunguza sana mvuto huo, na kwa mwenye jenereta ya kati ni pesa iliyotumika vizuri.

Lakini kwa hali yako, kwa nini upoze nyumba nzima? Nunua AC ndogo ya dirishani, BTU 5,000 hadi 8,000, uiweke kwenye boksi lake kabatini. Ya 5,000 inakula kama wati 450 hadi 500, jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,000 inaibeba na friji juu yake, na inalamba petroli kidogo. Chumba cha mama kikipoa, nyote mnalala humo. Petroli wakati wa Beryl ulikuwa unaipata wapi? Jenereta kubwa inakunywa galoni zako zote kwa siku moja.

Mswahili wa Ghuba

Naunga mkono kwa mikono miwili. Mwaka 2017 baada ya Irma, nyumba moja ya kulelea wazee huko Hollywood, Florida, ilipoteza AC, na wazee 12 wakafa kwa joto. Hospitali yenye umeme ilikuwa karibu kabisa. Baada ya hapo jimbo lilipitisha sheria ya 2018 kwamba nyumba hizo ziwe na jenereta na mafuta ya kuweka joto lisizidi nyuzi 81 za Farenhaiti kwa saa 96. Mama Naima, chukua namba hiyo kama lengo la chumba cha mama. Hata 80 inatosha, siyo lazima kiwe jokofu. Na nunua kipimajoto, kwa sababu mzee mara nyingi hasemi kwamba anaumwa na joto mpaka amechelewa.

Ijaribu hiyo AC ya dirishani sasa hivi. Dirisha lenu la kusukuma juu au la kuteleza pembeni? Nyingi zimetengenezwa kwa la kusukuma juu.

Mama Naima

La pembeni. Nashukuru umeuliza, ningeifungua boksi siku ya kimbunga.

Mswahili wa Ghuba

Basi tafuta ile nyembamba ya kusimama wima, au kata plaiwudi ya kuziba nafasi ya juu mapema, uandike kwa kalamu ni ya dirisha lipi.

Mzee wa Lake Charles

Vijana, hamjambo. Kabla hamjanunua hizo jenereta, nisikilizeni mimi niliyekuwa hapa Laura alipotupitia Agosti 2020. Upepo ulikuwa wa kutisha, maili 150 kwa saa, lakini huku Louisiana moshi wa jenereta ndio uliotuulia watu wengi. Ile gesi ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu. Mtu anaweka jenereta gereji, anaacha mlango wazi, anasema hewa inapita. Haipiti ya kutosha.

Futi 20 kutoka nyumbani, tena moshi uelekee kule kusiko na dirisha. Na hapo ndipo AC ya dirishani inapotaka akili: umeifunga kwenye dirisha, pembeni kuna upenyo, jenereta ukaiweka chini ya dirisha hilohilo kwa sababu waya ni mfupi. Nunueni waya mrefu, mnene. Na kengele ya kugundua gesi hiyo, ya betri, muiweke chumbani mnapolala.

Kijana wa Tampa

Shikamoo mzee. Somo limeingia.

Mzee wa Lake Charles

Marahaba mwanangu. Na msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme unarudi hadi nguzoni, na kule juu yupo mtoto wa mtu anatengeneza nyaya. Mwite fundi umeme afunge swichi ya kubadilishia.

Dada wa Bima

Nafanya kazi kwenye bima, niongeze la kwangu maana naona mnazungumza mashine tu.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Haijalishi ni kimbunga kilicholeta maji hayo. Maji yakitoka chini yakapanda ni bima ya mafuriko, na ile ya serikali, NFIP, kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukikumbuka kimbunga kikiwa kwenye ramani ya televisheni, umechelewa. AC ya nyumba nzima inahesabiwa upande wa jengo, ambao kwa nyumba ya familia moja mwisho wake ni dola 250,000. Ile ya dirishani ni upande wa vitu vya ndani, unaonunuliwa peke yake.

Kwenye uharibifu wa upepo, angalieni kiasi mnachojilipia wenyewe kabla bima haijaanza. Florida kwa kimbunga mara nyingi ni asilimia ya thamani ya bima ya nyumba, 2, 5 au hata 10. Nyumba ya 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 mfukoni kwako. Feni iliyopinda au mota moja haifiki huko, kwa hiyo ukubali tu kwamba matengenezo madogo ni yako.

Na picha. Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibati chenye modeli, namba ya mashine, tarehe ya kutengenezwa na aina ya gesi. Kipige picha kinachosomeka. Kingine kiko kwenye mashine ya ndani. Piga na picha ya mashine nzima na ukuta nyuma yake, ionekane imesimama wapi. Tuma kwenye barua pepe yako mwenyewe. Sitasema nimeona watu wangapi wanadai mashine ambayo kibati chake kimesombwa na maji na risiti ilikuwa kwenye droo iliyolowa.

Bi Mkubwa wa Orlando

Hiki kibati changu kimeungua jua, hakisomeki kitu.

Dada wa Bima

Mwite fundi aliyeifunga, kwake namba zipo. Au angalia ndani ya kifuniko cha nyaya, wakati mwingine kuna karatasi nyingine. Mwache yeye akifungue, usikifungue wewe.

Mtoro wa Baridi

Sisi wapangaji je? Mwenye nyumba wangu hata balbu habadilishi, ndiyo aje apandishe AC juu ya jukwaa?

Mswahili wa Ghuba

Ndugu, mabano na jukwaa ni mzigo wake. Mwandikie sasa, kwa maandishi, umuulize kama mashine imefungwa, umwekee na picha ya skrubu zilizooza. Hata asipofanya, siku ya siku una karatasi. Kazi yako wewe ni kuondoa vitu uani, kupoza nyumba mapema na kuzima. Hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.

Kijana wa Tampa

Kupoza mapema na kuzima, naomba ufafanue mkuu. Unazima lini hasa? Mimi huwa naiacha mpaka umeme wenyewe ukatike.

Mswahili wa Ghuba

Hilo ndilo swali kuu la siku yenyewe, nilitaka mtu aulize.

Tuseme kimbunga kinatarajiwa usiku. Tangu asubuhi shusha themostati, nyuzi 70 au chini kidogo kama mashine inafika, funga mapazia, jokofu lisifunguliwefunguliwe. Lengo lako ni kuta, sakafu, magodoro, vyote vipoe, na unyevunyevu utoke. Nyumba iliyopozwa siku nzima inakupa saa kadhaa za nafuu umeme ukikatika. Isiyopozwa inakuwa tanuri mapema sana.

Kisha, kabla upepo haujashika kasi na taa hazijaanza kupepesa, zima. Themostati kwanza, subiri feni isimame kabisa, halafu breka. Breka ziko mbili, watu wanasahau: moja ya mashine ya nje, moja ya mashine ya ndani. Zote chini. Ukiacha mpaka umeme ukatike wenyewe, maana yake unaiacha kompresa ile mikatiko ya nusu sekunde, inazima na kulazimishwa kuanza ikiwa bado na presha ndani. Kompresa inataka dakika tano hivi za kupumua kati ya kuzima na kuwaka. Themostati nyingi za kisasa zinahesabu zenyewe dakika hizo, lakini haziwezi kuzuia umeme mdogo.

Najua ni vigumu. Nyumba ina watoto, joto linaanza, na wewe unazima AC wakati umeme bado upo. Zima.

Asubuhi umeme ukirudi usikimbilie. Mara ya kwanza mara nyingi unarudi na kukatika tena. Uache utulie, saa moja au zaidi, ukiona taa haziyumbi. Wakati huo toka nje na tochi uzunguke mashine: kuna tawi ndani ya wavu? Bomba la shaba limekunjwa? Imesogea kwenye zege? Sukuma panga za feni kwa kijiti, breka ikiwa bado chini, zizunguke bila kukwaruza. Kisha breka, kisha themostati.

Wenye mashine zenye hita ya kompresa, kama zile za kupasha na kupoza: umeme ukiwa umekatika siku nyingi, washa breka lakini themostati iache imezimwa kwa saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yapate moto. Viwanda vingine vinataka saa 24. Soma kitabu chako.

Fundi Hewa HTX

Nyumba za karibu na bahari, hata kama maji hayakufika: breka ikiwa chini bado, osha koili kwa maji baridi ya bomba, presha ndogo. Ile chumvi iliyorushwa na upepo ikikaa wiki mbili inakula vipande vya alumini taratibu. Mashine ya kuoshea magari msiilete karibu.

Kijana wa Tampa

Na kama maji yalifika? Helene mwaka 2024 alitua Big Bend huko mbali na sisi, ila bahari iliingia hadi kwa watu wa Tampa Bay waliodhani wamepona. Binamu yangu maji yalifika magotini kwenye mashine ya nje. Yalipokauka akawasha, ikawaka. Anasema tunatishana bure.

Mswahili wa Ghuba

Imewaka leo. Mwambie asubiri.

Mfumo wa gesi umefungwa, maji hayaingii humo. Lakini kontakta, kapasita, bodi, mota ya feni na viungio vya nyaya kwenye kompresa vyote vimelowa chumvi, na chumvi haikauki ikaondoka, inabaki inakula shaba. Vinakufa baada ya miezi mitatu, sita, wakati bima alishaikataa mwenyewe kwa kusema iko sawa. Tena yeye alibahatika. Kuwasha kitu kilichozama kabla hakijakaguliwa ni kuomba moto au kupigwa shoti. Maji yakifika kwenye mashine, breka inabaki chini, anaitwa fundi. Kwa maji ya chumvi yaliyofunika sehemu za umeme, ushauri wangu kwa mteja karibu kila mara ni kubadilisha. Kwa maji ya mvua yaliyofika chini tu, inaweza kuoshwa, kukaushwa na kubadilishwa vipuri.

Dakti (njia za hewa) zilizolowa usizihurumie. Ile sufi ya ndani ikinywa maji machafu haisafishiki. Ukungu unaanza ndani ya saa 24 hadi 48, na ukiwasha AC unaupuliza nyumba nzima.

Jingine la sasa: tangu 1 Januari 2025 mifumo mipya ya nyumbani ya gesi ya R-410A haitengenezwi tena wala kuingizwa Marekani. Mipya inakuja na R-454B au R-32. Mashine ya nje ya gesi mpya haiendi na ya ndani ya gesi ya zamani. Kwa hiyo mafuriko yakiua ya nje peke yake, unaweza kujikuta unaambiwa ubadilishe zote mbili. Ulizia sasa, wakati una muda wa kulinganisha bei, kama ya nje inayoendana na ya kwako bado inapatikana. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuinua mashine mwaka huu.

Mtoro wa Baridi

Baada ya kimbunga Milton alikuja jamaa mlangoni kwa dada yangu, gari halina jina, akachukua malipo ya awali ya mashine mpya na hakurudi. Semeni na hilo.

Dada wa Bima

Pole kwake. Florida kila kampuni ya AC iwe na leseni ya jimbo, zile zinazoruhusiwa jimbo zima zinaanza na CAC kisha namba. Iandike, itafute kwenye tovuti ya leseni ya jimbo mwenyewe, ukiwa umesimama naye mlangoni. Texas ni TDLR, idara ya leseni ya jimbo, namba zao zinaanza na TACL. Asiyetaka kusoma namba yake hana namba. Na usisaini karatasi yoyote inayomkabidhi haki zako za bima.

Bi Mkubwa wa Orlando

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nina zile za ukutani mbili, mashine ya nje iko juu ya mabano ukutani, kama futi tano. Nifanye nini zaidi?

Fundi Hewa HTX

Umeshapona mafuriko mengi. Angalia mabano yamefungwa kwenye zege au mbao imara, siyo kwenye plasta. Vuta mashine kwa mkono, isitikisike. Angalia raba za chini hazijapasuka na nati zote nne zipo, mara nyingi utakuta tatu. Tobo la bomba ukutani lizibwe vizuri, upepo wa kimbunga unasukuma mvua kupitia humo hadi sebuleni.

Bi Mkubwa wa Orlando

Nimetoka kuangalia. Zipo mbili.

Fundi Hewa HTX

Kwenye zote mbili au moja?

Bi Mkubwa wa Orlando

Moja ina nne. Nyingine ina mbili, za pembe zinazotazamana.

Fundi Hewa HTX

Chukua moja iliyopo, nenda nayo dukani, ulete za chuma cha pua za kipimo hichohicho na pete zake za kukazia. Hiyo mashine izime mpaka umezifunga.